Jengo hulipiwa mara moja, joto lake hulipiwa kila mwezi

BEI ya kujenga jengo la umma hutangazwa siku ya kusaini mkataba. Bei ya kuliendesha haitangazwi na mtu, lakini hulipwa kila mwezi kwa miaka 40 au 50, na mara nyingi anayeilipa si yule aliyejenga.

Hapo ndipo kilipo kiini cha tatizo la majengo mengi mapya katika miji ya Afrika Mashariki. Mwenye jengo huokoa fedha kwa kujenga ukuta mwembamba, kuweka vioo upande wa magharibi na kuezeka bati bila dari ya maana. Baada ya hapo hukabidhi funguo. Mpangaji, ambaye hakuulizwa lolote kuhusu ramani, ndiye hununua uniti za LUKU ili kuliondoa joto ambalo jengo lenyewe limelikaribisha ndani.

Kwa majengo ya Serikali, halmashauri, hospitali na masoko, hesabu ni hiyo hiyo ila mlipaji hana pa kuhamia. Mlipakodi ndiye mjenzi na ndiye mpangaji.

Hata hivyo, wapo waliokwisha kulitatua tatizo hili kwa njia ambayo wafanyabiashara wanapaswa kuijua. Wamechukua mbinu za wazee, yaani ukuta mnene, kivuli, upepo na paa linalopumua, wakaziongezea mahesabu ya wahandisi wa leo. Matokeo yameonekana Harare, yameonekana katika kijiji cha Burkina Faso, na kwa sehemu yameonekana Kariakoo tangu miaka ya sabini.

Hesabu ya duka moja

Kabla ya kusafiri mbali, ni vyema kuanza na duka la kawaida. Kiyoyozi cha dukani, kile ambacho mafundi hukiita cha BTU 12,000, huvuta takriban kilowati moja kinapofanya kazi kwa nguvu zote. Kwa kuwa huzima na kuwaka chenyewe, ichukuliwe kuwa wastani wake ni kilowati 0.7. Kikiwashwa saa tisa kwa siku, siku 26 kwa mwezi, kitakula uniti 164 hivi.

Kwa bei ya Sh. 292 kwa uniti kabla ya kodi, ambayo ilipangwa mwaka 2016 kwa wateja wa matumizi ya kawaida, hizo ni takriban Sh. 47,800 kwa mwezi, au Sh. 574,000 kwa mwaka. Feni ya wati 60 ikitumika saa hizo hizo itakula uniti 14, sawa na Sh. 4,100 kwa mwezi. Tofauti ya vifaa hivi viwili ni zaidi ya Sh. 520,000 kwa mwaka, bado bila kuhesabu bei ya kukinunua kiyoyozi, gesi yake, fundi wake, na jenereta ya kukiendesha umeme unapokatika.

Jengo la ofisi lenye viyoyozi 200 vya aina hiyo litahitaji uniti zaidi ya 390,000 kwa mwaka kwa ajili ya kupoza tu. Wateja wakubwa hutozwa kwa daraja jingine la bei, lakini kwa daraja lolote lile, hizo ni fedha za kujenga madarasa.

Jambo moja husahaulika katika hesabu hii. Kiyoyozi hakitengenezi baridi. Kazi yake ni kulihamisha joto kutoka ndani kwenda nje. Kwa hiyo swali la kwanza la mfanyabiashara lisiwe kiyoyozi kipi ni cha bei nafuu. Liwe hili: joto hilo limeingiaje? Kwa kawaida huingia kwa njia tatu: juani kupitia paa, juani kupitia vioo, na kutoka kwa watu, taa na mashine zilizomo ndani. Njia mbili za kwanza hufungwa na mchoraji wa ramani. Akishindwa yeye, hakuna fundi wa kiyoyozi atakayeziziba.

Harare walivyofanya

Mfano unaotajwa kuliko yote barani Afrika ni jengo la Eastgate, katikati ya jiji la Harare, Zimbabwe, lililofunguliwa mwaka 1996. Aliyelijengesha ni kampuni ya bima ya Old Mutual. Msanifu wake ni Mick Pearce, mzaliwa wa nchi hiyo hiyo, na wahandisi walitoka kampuni ya Arup. Si jengo la maonyesho. Ni jengo la biashara lenye takriban mita za mraba 5,600 za maduka, mita za mraba 26,000 za ofisi, na maegesho ya magari 450.

Kwa umbo, ni majengo mawili marefu ya ghorofa tisa yaliyosimama sambamba, na nafasi iliyo kati yake imefunikwa kwa paa la vioo. Juu ya mapaa yake kuna minara 48 ya matofali. Mpita njia anaweza kudhani ni ya moshi, lakini hutoa hewa yenye joto.

Utaratibu wake ni rahisi kuueleza. Harare iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Mchana huwa na joto, usiku hupoa sana, na tofauti ya mchana na usiku hufika nyuzi 10 hadi 14 za sentigredi. Usiku, wakati ofisi ni tupu, feni kubwa husukuma hewa ya baridi katika mianya iliyoachwa ndani ya sakafu za zege. Zege hupoa mpaka asubuhi. Mchana feni hupunguzwa kasi, na hewa inayoingia hupita kwanza juu ya zege lile lililopoa ndipo ikatokea ofisini kwa chini, ukutani. Ikishapata joto la watu na mashine hupanda darini, huingia katika njia zake na kutokea minarani.

Kwa lugha ya sokoni, zege lile ni ghala. Usiku hununuliwa baridi ambayo haina bei, huwekwa akiba, na mchana hutolewa kidogo kidogo. Wahandisi walipanga hewa ya chumba ibadilishwe mara 10 kwa saa usiku na mara mbili tu kwa saa mchana.

Hayo yasingewezekana kama jua lingeachiwa kuingia. Wahandisi waliweka masharti tangu mwanzo: miale ya jua isipige moja kwa moja kuta za nje, na vioo vya upande wa kaskazini, ambako jua la Zimbabwe hukaa sehemu kubwa ya mwaka, visizidi asilimia 25 ya ukuta. Ndiyo sababu Eastgate ina vizuizi vizito vya zege na mimea inayotambaa nje, mahali ambapo majirani zake wana vioo vinavyong'aa.

Fedha zake

Kwa mujibu wa takwimu za msanifu mwenyewe, kutoweka mitambo kamili ya viyoyozi kuliokoa asilimia 10 ya gharama yote ya ujenzi. Takwimu hizo zinaonyesha pia kwamba jengo hutumia nishati pungufu kwa asilimia 35 kuliko wastani wa majengo mengine sita ya Harare yenye viyoyozi kamili.

Namba hizo mbili zinafaa kusomwa pamoja. Watu wengi huamini kwamba jengo linalookoa umeme ni lazima ligharimu zaidi kulijenga, na kwamba faida huja baada ya miaka mingi ya kusubiri. Hapa akiba ilianza siku ya kwanza, kwa kuwa mtambo mkubwa wa kuagiza kwa fedha za kigeni haukununuliwa.

Faida ya tatu ilijitokeza kadiri umeme wa Zimbabwe ulivyozidi kukatika. Jengo la vioo lililofungwa, umeme ukizimwa, hugeuka tanuri kwa muda mfupi. Eastgate huendelea kukalika, kwa sababu hewa yenye joto hupanda yenyewe minarani hata feni zikisimama. Kwa mwenye duka, kukalika maana yake ni mteja kuendelea kuchagua bidhaa wakati jirani amefunga milango.

Inafaa pia kumtazama aliyetoa fedha. Kampuni ya bima hujenga ili ikae na jengo na kupangisha kwa miaka mingi. Ilikuwa na sababu ya kuijali ankara ya mwaka wa 20. Anayejenga ili auze mwakani hana sababu hiyo.

Mchwa na wazee

Pearce ameeleza mara nyingi kwamba wazo lilitokana na kichuguu, ambacho kiliaminika kuendesha hewa kutoka chini hadi juu na kutunza joto la kiota. Watafiti Scott Turner na Rupert Soar, katika andiko lao la mwaka 2008, walionyesha kuwa kichuguu hakifanyi kazi kama bomba la moshi. Hufanya kazi zaidi kama pafu, kikibadilishana hewa kwa msukumo wa upepo, na joto la kiota hutulizwa hasa na udongo mwingi unaokizunguka.

Marekebisho hayo hayakulidhuru jengo. Yanaipa nguvu hoja ya ukuta mnene. Kinachotuliza joto ni uzito wa udongo, na jambo hilo wajenzi wa jadi walilijua kabla ya kuwepo vyuo vya usanifu.

Pwani haiwezi kunakili

Hapa inabidi mwekezaji awe mwangalifu. Ghala la baridi hujazwa usiku, na usiku wa pwani hauna baridi ya kutosha. Dar es Salaam mwezi Februari joto la mchana hufika nyuzi 32 hivi, na usiku hushuka hadi karibu 25 tu, tena hewa imejaa unyevu. Anayechukua ramani ya Harare na kuijenga Ilala kama ilivyo atakuwa amenunua minara ya mapambo.

Wazee wa pwani walikuwa na jibu lao. Mji Mkongwe wa Zanzibar, ulioingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, ulijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kuta nene, na dari za juu zilizobebwa na boriti za mikoko. Urefu wa boriti ndio uliopanga upana wa chumba, kwa hiyo vyumba ni vyembamba na virefu. Vichochoro vyake vimebana kiasi kwamba nyumba moja huitilia nyingine kivuli. Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883, lilizungushiwa baraza pana kila ghorofa ili jua lisiguse ukuta wa vyumba. Jumba hilo hilo ndilo lililokuwa la kwanza Zanzibar kupata umeme. Ya kale na ya kisasa yalikwisha kukaa chini ya paa moja karne ya 19.

Sehemu ya jumba hilo iliporomoka Desemba 25, 2020, na watu wawili wakapoteza maisha. Tukio hilo linakumbusha kwamba jengo la jadi nalo lina gharama ya kulitunza, na gharama hiyo ikiahirishwa haifutiki. Zaidi ya hapo, kuchanganya ya kale na mapya kunataka ujuzi. Mfano unaojulikana kwa mafundi wa Mji Mkongwe ni lipu ya saruji juu ya ukuta wa mawe na chokaa. Saruji haipitishi unyevu kama chokaa. Unyevu hunaswa ndani, ukuta huoza taratibu, na lipu hubanduka vipande vipande. Mwenye nyumba huamini ameimarisha nyumba yake, kumbe ameiziba pumzi.

Kariakoo na mti wa sokoni

Upande wa Bara, mfano bora wa pwani ni Soko Kuu la Kariakoo, lililosanifiwa na Beda Amuli, mmoja wa wasanifu majengo wa kwanza Waafrika katika ukanda huu. Lilijengwa kuanzia mwaka 1971 na kufunguliwa na Mwalimu Nyerere mwaka 1975.

Soko la asili hufanyika chini ya mti. Amuli alisimamisha miti ya zege: nguzo kubwa zenye paa lililopanuka kama mwavuli uliogeuzwa. Zikipangwa pamoja hufunika soko zima, na katikati yake mwanga na upepo hupita. Maji ya mvua hukusanywa na miavuli hiyo na kushuka hadi kwenye tangi lililo chini ya ardhi. Mfanyabiashara wa nyanya hakuhitaji kiyoyozi wala taa za mchana. Alihitaji kivuli, upepo na maji, na vyote vitatu vililetwa na paa.

Moto wa Julai 10, 2021 uliliunguza soko hilo na kuwatia hasara wafanyabiashara wengi. Serikali ikatenga zaidi ya Sh. bilioni 28 kulikarabati na kujenga soko jingine kando yake. Fundisho kwa masoko mengine ni kwamba njia za hewa na njia za moto zipangwe kwa pamoja katika ramani ile ile. Uwazi unaopitisha upepo, ukizibwa na vibanda na mizigo, haupozi tena wakati wa amani wala haupitishi watu wakati wa hatari.

Dodoma ndiko kwenye nafasi

Kama kuna mji wa Tanzania ambao somo la Harare linaweza kuhamia karibu bila kupunguzwa, ni Dodoma. Mji uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari na hewa yake ni kavu. Mwezi Julai joto la mchana hufika nyuzi 26 hivi na usiku hushuka hadi karibu 13. Hiyo ni baridi ya bure ya kujaza ghala kila usiku. Na ndiko majengo ya umma yanakojengwa kwa wingi: uamuzi wa kuhamishia makao makuu huko ulifanywa mwaka 1973, ukafufuliwa kwa nguvu mwaka 2016, na ofisi za kwanza za wizara katika Mji wa Serikali, Mtumba, zikazinduliwa Aprili 2019.

Wenyeji wa huko, Wagogo, walikuwa na tembe: nyumba ya miti na udongo yenye paa bapa lililofunikwa kwa tabaka nene la udongo. Joto la jua lilichukua siku nzima kulipenya paa hilo, na lilipokaribia kufika ndani usiku ulikuwa umeingia. Tembe lilikuwa na dosari zake. Lilivuja masika, lilikuwa na giza, na lilitaka kukarabatiwa mara kwa mara. Bati lilipokuja, familia nyingi zililipokea kwa furaha. Lakini bati peke yake, bila kitu chini yake, huleta mchana joto ambalo babu hakulijua.

Njia ya kuoanisha viwili hivi imekwisha kuonyeshwa Afrika Magharibi. Katika kijiji cha Gando, Burkina Faso, ambacho hakikuwa na umeme, msanifu Francis Kéré, mzaliwa wa kijiji hicho, alijenga shule ya msingi iliyokamilika mwaka 2001 kwa takriban dola 30,000 za Marekani. Kuta ni za matofali ya udongo wa pale pale yaliyochanganywa na saruji kidogo. Dari nayo ni ya matofali ya udongo, yenye nafasi za kupitisha hewa. Juu ya dari, kwa kuachana nayo kabisa, limeinuliwa paa pana la bati juu ya fremu ya nondo nyembamba zilizochomelewa na wanakijiji wenyewe.

Bati linabeba jua na mvua, udongo unabeba utulivu wa joto, na upepo unaopita kati yao unaondoa joto kabla halijashuka darasani. Kila kitu kimepewa kazi inayokiweza. Jengo hilo lilipata Tuzo ya Usanifu ya Aga Khan mwaka 2004, na mwaka 2022 Kéré akawa Mwafrika wa kwanza kupata Tuzo ya Pritzker, ambayo ni kubwa kuliko zote katika fani hiyo.

Bajeti mbili, mfuko mmoja

Kama njia zipo, kwa nini hazienei? Sehemu ya jibu imo katika vitabu vya hesabu. Fedha za kujenga jengo la Serikali hutoka bajeti ya maendeleo. Fedha za umeme wake hutoka bajeti ya matumizi ya kawaida. Afisa anayesimamia mradi hupimwa kwa fungu la kwanza, na akiokoa fungu la pili hapati sifa, kwa sababu akiba itaonekana wakati yeye amekwisha kuhamishwa kituo.

Matokeo yake hujitokeza kwenye vitabu vya muuza umeme. Machi 2017, Rais John Magufuli aliiagiza TANESCO kuwakatia umeme wadaiwa wote, zikiwemo taasisi za Serikali. Taasisi isiyomudu ankara ina mambo mawili ya kuchunguza: mapato yake, na jengo ililomo. Mara nyingi la pili halichunguzwi.

Pale ambapo mjenzi na mlipa ankara ni mtu mmoja na anajijua hivyo, uamuzi hubadilika. Halmashauri ya Jiji la Melbourne, Australia, ilipojenga ofisi zake mpya zilizofunguliwa mwaka 2006, ilimtumia Pearce yule yule. Madirisha hufunguka usiku kupoza dari za zege, na upande wa magharibi kuna vizuizi vya mbao vinavyofuata mwendo wa jua. Utafiti wa mwaka 2008 ulikadiria kuwa tija ya wafanyakazi ilipanda kwa asilimia 10.9. Kwa mwajiri yeyote, mshahara ni mkubwa kuliko umeme, kwa hiyo asilimia hiyo ina uzito kuliko hata akiba ya uniti.

Upande wa pili wa shilingi

Wenye majengo nao wana hoja, na si zote za kupuuzwa. Ukuta mnene hula nafasi ya kupangisha. Jengo lenye mzunguko wa mita 100, likiwa na ukuta wa sentimita 50 badala ya 15, hupoteza mita za mraba 35 kila ghorofa. Kwenye kiwanja cha bei kali, huo ni mlango wa duka zima. Jibu la Eastgate lilikuwa kuuweka uzito katika sakafu, ambazo lazima ziwepo, badala ya kuuweka wote ukutani.

Madirisha ya kufunguka nayo huleta vumbi, kelele, mbu na wezi. Chumba cha upasuaji, stoo ya dawa na chumba cha kompyuta za benki vitaendelea kuhitaji kiyoyozi, na hakuna ubishi hapo. Kinachopendekezwa na wataalamu wa fani hii ni kutenga: mashine iwekwe palipo na sababu, na ukumbi, korido, ofisi za kawaida na maduka yaachiwe kivuli na upepo. Wapo pia wapangaji wanaoamini kwamba ofisi bila kiyoyozi ni ya hadhi ya chini. Kwa mpangaji wa namna hiyo, wakala anayemwonyesha ofisi hana budi kufika na ankara za miezi 12 za jengo, maana hadhi nayo ina bei.

Soko lilipo

Kwa wafanyabiashara, mabadiliko haya yakishika kasi yatahamisha fedha kutoka mlango mmoja wa duka kwenda mwingine. Fedha ya kiyoyozi huenda nje ya nchi kwa sehemu kubwa. Fedha ya tofali, chokaa, mbao za vizuizi vya jua, nyavu za mbu, feni za dari na ufundi wa kuchomelea hubaki wilayani.

Bidhaa moja ya kutazamwa ni tofali la kufungamana, linalotengenezwa kwa udongo na saruji kidogo na kugandamizwa kwa mashine bila kuchomwa. Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi ulilihimiza na kufundisha vikundi namna ya kulitengeneza. Kwa kuwa hushikana lenyewe, hupunguza udongo wa saruji wa kujengea, na kwa kuwa halichomwi, haliteketezi kuni. Mwenye mashine na udongo unaofaa karibu na eneo la mradi ana biashara. Mwenye mashine na udongo ulio mbali, nauli itamla.

Kwa mwekezaji mdogo anayetaka kukodi fremu, kununua sehemu ya jengo au kuweka fedha katika mfuko unaomiliki majengo, maswali ya kuuliza kabla ya kutia saini ni machache. Upande mrefu wa jengo unatazama wapi? Katika nchi zetu zilizo karibu na Ikweta, unaotazama kaskazini na kusini ni rahisi kuutilia kivuli, na unaotazama magharibi hupigwa jua saa zile zile ambazo wateja wanatoka kazini. Kati ya bati na dari kuna nini? Umeme ukikatika saa nane mchana, ndani kunakalika kwa muda gani? Mita ya LUKU ni ya nani?

Swali la mwisho ndilo lenye uzito zaidi. Kama mita ni ya mpangaji, mwenye jengo hana haraka ya kurekebisha chochote, na njia pekee ya kumpa haraka ni kuiingiza ankara katika mazungumzo ya kodi ya pango. Fremu ya Sh. 400,000 kwa mwezi inayohitaji viyoyozi viwili ni ya Sh. 495,000 na ushee. Fremu ya jirani ya Sh. 450,000 inayotosheka kwa feni mbili ni ya Sh. 458,000 hivi. Anayetazama kodi peke yake atachagua ya kwanza, na atalipa zaidi kila mwezi mpaka mkataba uishe.